Mtoto Halali, na Kila Mtu Anatazama Sahani Yako



Mimi ni fundi wa nguo za maharusi, nina duka Mlandege, na kazi yangu ina jambo moja ambalo hukuti likifundishwa kwenye darasa la cherehani. Bi harusi unayemshonea mwaka huu, mwakani inshaallah anarudi kwako kutaka gauni la kunyonyeshea. Anataka zipu mbili za kificho kifuani, kitambaa kisichoonyesha maziwa yakivuja, na nafasi kiunoni kwa sababu mkaja bado haujamaliza kazi. Anakaa kwenye kiti, mtoto begani, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Kabla sijashika futi anauliza: "Dada, mtoto huyu halali, analia tu. Niache kula nini?"

Haulizi mtoto ana nini. Anauliza aache kula nini, maana huko atokako ameshahukumiwa, na sahani yake ndiyo yenye kosa.

Mmoja alinihesabia alivyokatazwa, nikaviandika nyuma ya karatasi ya vipimo. Maharage, kunde na choroko vinatia gesi. Kabichi vilevile. Embe na nanasi lina ukali. Maji baridi yatampa mtoto kifua. Mayai hapana, pweza hapana, dagaa harufu. Upande wa kwao wanamhimiza uji wa pilipili manga kutwa mara tatu, upande wa mume wanasema pilipili manga ndiyo inayomchoma mtoto. Alikuwa amebaki na wali mkavu, chai na mkate. Mtoto ana wiki tano, mama amekonda mpaka nguo aliyoshonewa kabla ya mimba inamzunguka. Na mtoto bado analia.

Sasa nisikilizeni, nitaeleza ninayoyajua, kwa sababu nimenyonyesha watoto wawili na wamekuwa tofauti kama kanga na leso ya mfukoni.

Kwanza kabisa, mtoto mchanga analia. Hilo si ugonjwa. Kilio huanza kuongezeka wiki ya pili au ya tatu, kinafika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha kinapungua, na wengi wakifika miezi mitatu au minne wametulia. Na mara nyingi kilio kikubwa kinakuja jioni, kuanzia Magharibi mpaka usiku wa manane, mtoto anakunja miguu, uso mwekundu, anajinyonga utadhani kuna kitu kinamuuma. Wazee wetu wanaita chango. Madaktari nao wana jina lao na kipimo chao cha tangu mwaka 1954: mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, siku zaidi ya 3 kwa wiki, kwa wiki zaidi ya 3. Mwanangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Alinyonya vizuri, alikojoa vizuri, alinenepa mashaallah, na kila jioni alitutoa roho. Nilikula kila kitu, pweza wa nazi, mbaazi, pilipili, yote. Alipofika miezi mitatu na nusu akanyamaza mwenyewe, nami sikuwa nimeacha hata punje ya choroko.

Hayo maharage nayaeleza kila siku dukani. Gesi ya maharage inakaa kwenye utumbo wako wewe. Maziwa hayatoki kwenye utumbo, yanatengenezwa kifuani kutokana na vinavyoletwa na damu, na mapovu ya gesi hayapandi kwenye damu yakaingia kwenye ziwa. Kinachoweza kupita ni ladha na harufu. Ukila kitunguu thomu, maziwa yako yananukia thomu, na watafiti wa Marekani walilijaribu hilo mwaka 1991 wakakuta watoto hawakukimbia, walikaa ziwani muda mrefu zaidi. Mwacheni mtoto wa Kiunguja azoee karafuu na iliki mapema, ndiyo chakula atakachokikuta.

Kabla ya kugusa sahani kuna mambo mengine ya kutazama. Mtoto ana njaa tu? Kuna siku anataka kunyonya kila saa, hasa karibu na wiki ya tatu na ya sita, na watu wanasema maziwa hayamtoshi. Wakati kule kunyonya kwingi ndiko kunakoyaongeza. Maziwa yanatoka kwa kasi mno? Huyo utamsikia anagugumia, anakohoa, anaachia ziwa na kulia, na choo chake kinakuwa cha kijani chenye povu. Huyo anasaidiwa na kunyonya mama akiwa amejilaza nyuma kidogo, na kumaliza ziwa moja kabla ya kupewa la pili. Ameshika chuchu tu badala ya kujaza kinywa? Anameza hewa. Mcheulishe. Na wewe mwenyewe unakunywa chai ya rangi vikombe vingapi? Chai na kahawa zina kafeini, na mwili wa mtoto mchanga unachukua siku kadhaa kuitoa, sio saa kadhaa kama wako. Kikombe kimoja viwili havina neno. Lakini birika zima la tangawizi na majani, asubuhi, adhuhuri na kila mgeni anayekuja kutazama mtoto, hilo lipunguze.

Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya watoto wanaolia. Lakini nimesema wangu wawili wako tofauti.

Wa pili alianza kama mwenzake, nami nikajiambia nangoja miezi mitatu. Wiki ya nne mashavu yakawa mekundu, makavu, yenye vipele vinavyotoa maji, yakashuka mpaka shingoni na kwenye mikunjo ya mikono. Ukurutu. Kilio hakikuwa cha jioni tu, kilikuwa saa zote, na hasa katikati ya kunyonya: anavuta mara tatu nne, anajipinda mgongo, anaachia. Anacheua kila wakati. Choo kikawa na kamasi nyingi. Na asubuhi moja ya wiki ya sita nikafungua nepi nikaona nyuzi za damu ndani ya kamasi. Nikamfunga kwenye kanga, nikatoka.

Mtu wa kwanza aliyemtazama kwenye kliniki niliyokwenda alitumia dakika mbili. Maziwa ya mama hayampendi, akasema, mwanzishie ya kopo. Nyumbani nako nilikuta baraza limekaa. Shangazi mmoja alisema maziwa yangu yamechacha kwa sababu nilirudi dukani mapema na kukaa kwenye joto. Wifi akasema kijicho, kwa kuwa mtoto alionyeshwa watu kabla ya arubaini. Mama mkwe, Allah amzidishie umri, hakusema kitu, alikwenda kuleta kombe.

Nisieleweke vibaya. Kijicho ni haki, Mtume swalla Llahu alayhi wasallam ametuambia, na mtoto nilimsomea na ninaendelea kumsomea. Lakini mtoto wa wiki sita tumbo lake halihitaji maji ya zafarani wala maji mengine yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Basi nilimwambia mama mkwe, mama, mimi na mtoto ni mwili mmoja bado, nitakunywa mimi. Kombe nikalinywa mimi, akafurahi, na mtoto hakupewa. Asali nayo ililetwa, na hiyo niliikataa wazi. Asali mtoto hapewi kabla hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo changa haliwezi kukizuia, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Siku ya pili nikaenda kwa daktari wa watoto. Huyu alimvua nguo zote, akatazama ngozi, akaangalia mstari wa uzito kwenye kadi, akataka kuiona nepi niliyoihifadhi. Halafu akaniuliza mimi nakula nini, na aliuliza kwa namna ya kutaka kujua, si ya kunishtaki. Nikamtajia. Aliposikia chai ya maziwa ya unga asubuhi na jioni, mtindi usiku, na bokoboko la samli nililokuwa napikiwa kwa ajili ya nguvu, akaweka kalamu chini.

Alinieleza hivi. Watoto wachache sana wanaonyonya, hawafiki hata mmoja kwa mia, miili yao inaikataa protini ya maziwa ya ng'ombe. Mama anakunywa, kiasi kidogo cha protini hiyo kinapita kwenye damu mpaka kwenye maziwa yake, na utumbo wa mtoto unakasirika: unavimba, unatoa kamasi, wakati mwingine damu. Ngozi inaweza kukasirika pamoja nao. Vyakula vingine vinaweza kufanya hivyo, mayai, soya, ngano, karanga, samaki, lakini maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayoongoza.

Mashoga zangu, hapo nilikaa kimya nikawaza. Maana maziwa ya kopo niliyoambiwa nimwanzishie yanatengenezwa na nini? Maziwa ya ng'ombe. Mtoto anayeumwa na matone yanayopita kwangu, alikuwa apewe chupa nzima. Yako makopo maalumu ya watoto wa namna hii, ni ghali, na yana nafasi yake kwa mama asiyeweza kunyonyesha. Lakini kwangu ziwa lilikuwa dawa, kilichotakiwa kuondoka ni kikombe cha chai.

Daktari akanitaka niache maziwa ya ng'ombe na vyote vyenye maziwa kwa wiki 2 mpaka 4, nisiguse chakula kingine chochote. Hicho kimoja tu. Hili fundi yeyote analielewa. Gauni likivuta, hufumui bega, ubavu na kiuno kwa mpigo, maana likikaa sawa hutajua ni mshono gani uliokuwa na kosa. Nikachukua daftari la vipimo, nikapiga mistari: nilichokula, kilio, choo, ngozi. Nikaandika kila siku, hata kwa mwandiko wa mtu anayesinzia.

Kazi ni kuyaona maziwa yalipojificha. Chai ya maziwa unaijua. Lakini biriani? Nyama yake huroweshwa kwenye mtindi. Halua ina samli, na samli, hata ikichujwa vipi, inaweza kubaki na chembe za protini. Biskuti nyingi zina unga wa maziwa, soma pakiti. Keki, siagi, baadhi ya mikate ya dukani, kaimati za wanaokandia mtindi, maandazi ya jirani ambaye anaringia maziwa yake. Na mimi kazi yangu ni arusi, kila wiki naalikwa mbili tatu. Nilibeba kontena langu kwenye mkoba, nikala kwenye kona. Walionicheka walicheka.

Msidanganywe na maziwa ya mbuzi. Protini zake zinafanana sana na za ng'ombe, na watoto wengi wanaokataa haya wanayakataa na yale. Soya nayo kwa baadhi yao inaleta shida ileile. Tui la nazi halina uhusiano wowote na maziwa ya ng'ombe ingawa ni jeupe, na hapo sisi wa visiwani Allah ametuonea huruma, maana nusu ya jiko letu ni nazi. Nilikula mchicha wa nazi, pweza wa nazi, mbaazi, samaki wa kukaanga, mihogo, mayai, vitumbua vya kumiminwa na tui. Kwa ajili ya mifupa yangu nilikula dagaa wanaotafunwa na miiba yao, na ufuta, na daktari akaniandikia vidonge vya chokaa, kalisiamu, kwa sababu mama anayenyonyesha akikosa, mwili unachukua kwenye mifupa yake mwenyewe.

Kuna neno watu wanalichanganya: laktosi. Wanasema mtoto "hapatani na laktosi" ya chai ya mama. Laktosi ni sukari ya maziwa, na maziwa yako wewe yamejaa laktosi hata kama hujawahi kuonja ya ng'ombe tangu kuzaliwa, mwili wako unaitengeneza. Huwezi kuipunguza kwa kuacha chai. Shida ya wangu ilikuwa protini. Ndiyo maana maziwa yaliyoandikwa "hayana laktosi" yasingenisaidia kitu, protini bado imo.

Daftari linasema siku tatu za mwanzo hakuna kilichobadilika. Siku ya tano kamasi zilipungua. Siku ya nane alinyonya ziwa zima bila kujipinda, nikaandika kwa herufi kubwa. Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya mwisho kuona damu. Ukurutu ulichukua zaidi ya mwezi kupona, na mafuta ya kulainisha ngozi yalisaidia. Usiku bado aliamka, ni mtoto, lakini kilikuwa kilio cha mtu anayetaka kitu, akipewa ananyamaza.

Halafu ikaja sehemu ambayo wengi hawaifanyi, nami roho ilinisita. Daktari alitaka nirudie kunywa maziwa, kuhakikisha. Ikiwa kilio kimepungua kwa sababu ya umri tu, nitakuwa nimejinyima bure mpaka nimwachishe ziwa. Nikanywa chai ya maziwa asubuhi na mtindi usiku. Siku ya pili, kamasi. Ya tatu, kujipinda na mashavu mekundu. Nikaacha tena, na sasa nilijua kwa hakika, si kwa kuambiwa na baraza. Usifanye jaribio hili peke yako ikiwa mtoto aliwahi kuvimba midomo, kupata vipele vya ghafla mwili mzima, au kupumua kwa shida. Huyo ni wa hospitali, na jaribio lake linafanywa mbele ya daktari.

Katika siku hizo nilikuwa narudia tafsiri ya aya ya 233 ya Suratul Baqara. Sote tunaijua kwa ile miaka miwili kamili. Lakini tazama imebeba nini zaidi. Chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba wa mtoto, kwa wema. Mama asitiwe dhara kwa sababu ya mwanawe. Na kuachishwa ziwa kabla ya muda kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Wawili, si baraza zima. Mimi si mwanachuoni, mwenye elimu atanisahihisha, lakini naona mama anayeachishwa vyakula kumi bila sababu, akakonda na kutetemeka, ameingia kwenye dhara hilo. Chakula chake ni haki aliyopewa na Mola wake. Kukiondoa kunataka sababu inayoonekana kwenye nepi, kwenye ngozi au kwenye kadi ya uzito.

Mume wangu, mashaallah, ndiye aliyesimama mlangoni siku zile. Alikuwa anawaambia wageni, "Daktari amesema chai ya mkandaa tu," na wakimlaumu mtu wanamlaumu yeye. Ninyi mnaojiandaa kuolewa, somo atakufundisheni mengi ya chumbani na ya jikoni. Hili la nani atazungumza na jamaa wakati wewe umelala na mshono na mtoto analia, lizungumzeni wenyewe wawili mapema.

Na jueni pa kukimbilia bila kusubiri daftari: mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, anayetapika kijani, aliyevimba tumbo likawa gumu, anayekataa kunyonya, aliyelegea, anayekojoa kidogo kuliko kawaida yake, au asiyeongezeka uzito. Damu kwenye choo pia, hata kidogo, aonwe. Yangu ilikuwa maziwa, lakini damu ina sababu nyingi, nyingine za haraka.

Wangu alianza chakula kwenye miezi sita, vyote bila maziwa. Alipopita mwaka, kwa ruhusa ya daktari, tulianza na kipande cha keki iliyoiva vizuri, maana maziwa yaliyookwa kwa muda protini yake inapoa makali na baadhi ya watoto huyastahimili kwanza. Wiki kadhaa tukapanda kidogo, mtindi, kisha maziwa yenyewe. Wengi wao huyazoea wakikua, naye sasa ananyang'anya kikombe changu.

Mmekuwa mkiniuliza lile biriani langu la siku zile. Nyama kilo moja irowesheni kwa papai bichi lililosagwa vijiko viwili, ndimu mbili, thomu na tangawizi, mdalasini, iliki, bizari nzima na chumvi, si zaidi ya saa mbili, papai likizidi nyama inakuwa uji. Vitunguu vikaangwe kwa mafuta ya kupikia, si samli. Nyanya za kusaga na kopo dogo la tungule vishike nafasi ya mtindi kwenye sosi. Wali utieni zafarani iliyolowekwa kwenye maji ya moto badala ya maziwa. Mama mkwe alikula sahani mbili na hakuuliza kitu.

Wassalaam alaykum.